Nionyeshe tarehe yake kwanza

Mashine namba tatu iko mkono wa kushoto ukiingia kwenye duka langu la steshenari, jirani na ile ya fotokopi. Ubavuni ina kibandiko cheupe chenye namba ndefu na maneno ya Kijerumani, kilichowekwa na ofisi iliyokuwa ikiitumia kabla haijafika Kariakoo na kupandishwa basi kuja Morogoro. Nimejaribu kukibandua mara mbili, kikagoma, nikakiacha. Ni kompyuta ya HP EliteDesk 800 G1, prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha nne, RAM giga 8, na mwaka juzi niliibadilishia diski nikaiwekea SSD, zile za kasi. Asubuhi naibonyeza, nachukua ufagio, na kabla sijamaliza kibaraza imeshawaka inasubiri nywila. Tangu niinunue imechapa fomu za mikopo ya vyuo, barua za kuomba kazi, mikataba ya vyumba, kadi za michango ya harusi na ratiba za mazishi. Haijawahi kunidai kitu zaidi ya kupulizwa vumbi.

Tarehe 14 Oktoba 2025 iliambiwa imezeeka.

Siku hiyo masasisho ya bure ya usalama ya Windows 10, mfumo unaoiendesha, yalifika mwisho. Mfumo ulitoka 29 Julai 2015, kwa hiyo ulitunzwa miaka kumi na zaidi kidogo, na najua wapo watakaosema miaka kumi inatosha. Ingenitosha na mimi, kama ningeipata yote kumi. Mashine zangu nne nilizinunua Desemba 2021, laki tatu na nusu kila moja, fedha ya mchezo wa vikoba niliyoisubiri mwaka mzima. Windows 11 ilikuwa imetoka miezi miwili tu kabla, tarehe 5 Oktoba, na masharti yake yakiwa wazi: chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel, kwa kawaida kuanzia kizazi cha nane, kilichoanza kutoka 2017. Zangu ni za kizazi cha nne, cha 2013, na chipu yake ni TPM 1.2. Tarehe ya mwisho ya Windows 10 nayo ilikuwa imeshatangazwa zamani. Maana yake siku nahesabu noti pale kaunta, mashine zilikuwa zimebakiwa na miaka minne kasoro, na muuzaji ananiambia, "Dada, hizi ni za ofisi za Ulaya, utazeeka wewe uziache."

Simlaumu sana yule kijana. Nadhani hakujua. Lakini hapo ndipo uchungu wangu ulipo, na nitaurudia katika maandishi haya mpaka mchoke: sisi tunaonunua mitumba hatununui mashine tu, tunanunua umri uliobaki, na hakuna anayetuambia umebaki kiasi gani. Mteja wangu akienda kwa Mangi hapo jirani kununua maziwa ya pakiti ya elfu mbili, anaigeuza kwanza atafute tarehe. Dawa ya mafua ya shilingi mia tano ina tarehe. Unga una tarehe. Mashine ya laki tatu na nusu, ambayo mama anaitegemea kulipa kodi ya fremu na ada ya watoto, haina.

Wengine mtaniuliza, mbona bado inawaka? Kweli inawaka. Inachapa, inaskani, inafungua kila kitu. Kinachokosekana ni viraka. Programu kubwa kama hii ina matundu ambayo waandishi wake wenyewe hawakuyaona. Likigunduliwa tundu, kinatengenezwa kiraka, na kwa kawaida viraka vya Windows hutumwa Jumanne ya pili ya kila mwezi. Kiraka kikishatoka, mdukuzi naye anakisoma, anajua tundu lilikuwa wapi, anatafuta nani hajaziba. Kwa hiyo mashine isiyopata viraka haikai palepale ilipoachwa. Kila mwezi inazidi kuwa wazi, hata ukiifunika kitambaa cha kufuma na kuiwekea maua juu.

Ingekuwa ya nyumbani ya kuangalizia tamthilia, ningenyamaza. Lakini kaeni dukani kwangu siku moja tu ya msimu wa maombi ya mikopo. Flashi zinaingia na kutoka kutwa. Watoto wa watu wanaingiza namba zao za NIDA, vyeti vya kuzaliwa, akaunti za benki, barua pepe na nywila zake, wengine wananitamkia nywila kwa sauti nimsaidie kuandika. Nabeba amana. Mtu akiibiwa kupitia mashine yangu, hatakwenda kuuliza makao makuu ya kampuni ya programu. Atakuja kwangu, na atakuwa na haki.

Tena jambo hili si la kutishiana. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilizagaa katika nchi zaidi ya 150, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Uingereza hospitali zilifuta miadi ya wagonjwa na magari ya dharura yakaelekezwa kwingine. Kiraka cha tundu la Windows lililokipitisha kilikuwa kimetoka Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hakikuwafikia. Na kuna kipande cha habari ile ambacho sijakisahau: Windows XP, toleo la zamani zaidi, ilikuwa imeachwa tangu 8 Aprili 2014, lakini moto ulipowaka kilitolewa kiraka cha dharura hata kwa ajili yake, miaka mitatu baada ya kuambiwa basi. Kwa hiyo inawezekana. Kumbe ni uamuzi, na uamuzi una mwenyewe.

Nitasema na upande wa pili, maana sitaki kuwapotosha. Njia ya kuongeza muda ipo. Mtu wa nyumbani amepewa nyongeza hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila fedha akikubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya mtandaoni. Ulaya, kundi la watetezi wa walaji liitwalo Euroconsumers lilipiga kelele, na watu wa nyumbani wa huko wakaondolewa malipo na sharti hilo la kuhifadhi. Sisi wa biashara bei yetu ni nyingine: dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, mwaka wa pili inazidishwa mara mbili, wa tatu mara mbili tena, kisha mwisho. Nilichukua kikokotoo. 61, na 122, na 244. Jumla 427 kwa mashine moja, zaidi ya shilingi milioni moja, kuilinda mashine niliyoinunua laki tatu na nusu. Nikazidisha kwa nne, nikakizima kikokotoo.

Fundi wangu, kijana mwerevu ambaye amenitoa kwenye matatizo mengi, aliona jambo dogo. "Mama, hilo sharti naliruka, nakupigia Windows 11 leo leo." Akaipiga kwenye mashine namba mbili, na sitadanganya, inafanya kazi vizuri. Lakini wenye programu wameandika wazi kwamba mashine isiyotimiza masharti haihakikishiwi masasisho. Yanaweza kuja, yanaweza yasije. Siwezi kuweka namba za NIDA za watoto wa watu juu ya neno "yanaweza". Namba mbili nikaiachia kazi za ndani, bila intaneti.

Namba tatu ndiyo niliyoipeleka kwingine. Jumapili moja baada ya ibada nilifunga mlango, nikachukua flashi ya giga 8, nikaiwekea mashine Linux Mint 22, mfumo huria badala ya Windows. Fundi alinielekeza kwa simu, bando likakatika mara moja, nikanunua lingine. Ilichukua kama saa moja na nusu na nusu yake ilikuwa woga wangu tu. Ilipowaka sikuamini ni mashine ile ile. Nyepesi. Masasisho yake yameahidiwa hadi 2029, na hakuna aliyeniuliza kuhusu chipu wala kizazi.

Lakini msije mkaambiwa na mtu kwamba kuhama ni bure. Mashine ya fotokopi ilikataa kuongea nayo kwa nusu siku nzima, na siku hiyo nilikuwa nabeba mafaili kwa flashi kama maji kwa kikombe. Wanafunzi wa SUA, chuo kikuu chetu cha kilimo, wanaoleta ripoti za fildi walianza kulalamika kwamba majedwali yamehama, kichwa cha sura ya nne kimeangukia mwisho wa ukurasa, namba za yaliyomo haziendani. Msimamizi anarudisha ripoti kwa sababu ya pambizo, wewe mwenye steshenari ndiye unayetazamwa. Sasa nimebandika tangazo ukutani: leta PDF. Wanaoelewa wanaleta. Wasioelewa nawafungulia kwenye namba mbili.

Na hapo napaswa kusema kitu kuhusu sisi wenyewe. Kozi ya kompyuta niliyosoma, na wanayosoma watoto wa leo, ni kozi ya bidhaa za kampuni moja. Cheti kinaandikwa "kompyuta", kumbe tumefundishwa wapi pa kubonyeza kwenye programu fulani. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, menyu zote Kiswahili. Ni kazi ya heshima kubwa, na natamani tungeishika ikakua mashuleni. Leo nisingekuwa najifunza kwa woga Jumapili mchana nikiwa na umri huu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Steshenari nyingi za hapa kwetu, kadi na ratiba tunazitengeneza kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kurasa. Mimi ninayo tangu nifungue, toleo la zamani, na kabrasha langu lina mafaili zaidi ya 1,900. Nayo imeshatangazwa kwamba inaondolewa Oktoba 2026, na wanaoitumia kwa kulipia kifurushi cha Microsoft 365 hawataweza hata kuyafungua mafaili yao ndani yake baada ya hapo. Nilikuwa nalijua hilo kama habari. Sikulijua kama jambo.

Mwezi jana akaja mama mmoja wa Kihonda, amefunga kanga nyeusi. Mumewe alitimiza mwaka, wanafanya misa ya kumbukumbu, anataka ile ratiba ya mazishi itolewe tena nakala hamsini, maana zote ziligawiwa na yake mwenyewe ililowa maji ya mvua. Nikamkalisha kwenye namba tatu, nikatafuta faili kwa jina la marehemu, nikalifungua kwa programu ya kuchorea iliyoko kwenye Linux. Lilifunguka. Picha ya marehemu ilikuwa imeteleza imefunika jina lake, na wasifu umevunjika vipande, mstari huu huku, ule kule. Yule mama alisogea kwenye skrini akasema polepole, "Mbona mmemharibu?"

Sikuwa na jibu. Nilimhamishia kwenye namba mbili, nikafungua kwa Publisher yenyewe, na mzee akatokea kama tulivyomweka siku ile: suti ya kijivu, tai iliyopinda kidogo ambayo wanawe walikataa isinyooshwe kwa sababu alivaa hivyo siku zote. Yule mama akaigusa skrini kwa kidole kwenye ile tai. Nikatoa nakala hamsini, nikamhifadhia PDF, nikamtumia na mwanawe kwenye simu.

Tangu siku hiyo, jioni nikishafunga hesabu, nakaa na namba mbili nageuza mafaili kuwa PDF moja baada ya jingine. Nimefika mafaili ya 2019. Kuna harusi ambazo zimeshavunjika, kuna watoto waliobatizwa ambao sasa wanakuja kuchapa kazi za nyumbani. Kuna ratiba za mazishi ambazo najua ndiyo nakala pekee iliyobaki ya wasifu wa mtu, kazaliwa wapi, kasoma wapi, kaacha watoto wangapi. Hakuna aliyeniajiri kuwa mtunza kumbukumbu wa kata, lakini ndivyo ilivyokuwa, na nadhani waliopanga tarehe zile huko waliko hawawezi kujua kwamba kuna makabrasha kama haya katika kila mtaa wenye steshenari.

Simu ndizo mbaya zaidi, maana kompyuta angalau inakuonya. Baba yangu mdogo anaishi Ifakara. Simu yake alinunuliwa na mwanawe mwaka 2016, mpya ndani ya boksi, lakini mfumo wake ulikuwa Android 4.4, wa mwaka 2013. Yaani iliuzwa mpya ikiwa tayari imekula miaka mitatu. Aliitunza ajabu, anaiweka kwenye kifuko cha ngozi alichoshona mwenyewe, kioo hakina hata mkwaruzo. Mwanzoni mwa mwaka jana programu ya ujumbe tunayoitumia sote kwenye kundi la ukoo ikaacha kufunguka kwake. Maandishi yalitokea kwa Kiingereza. Hakuyaelewa, na hakumwuliza mtu.

Wiki tatu tukamwona kimya. Tukadhani shamba limemshika, ni msimu wa mpunga. Kisha akapanda basi, akafika dukani kwangu saa nne asubuhi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu." Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka kifuko cha ngozi mezani, hakukifungua. "Nimekuja kuuliza. Nimewakosea nini mpaka mmenitoa kwenye kundi?"

Nilimweleza mara tatu kwamba hakuna aliyemtoa. Alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima tu, naona haamini. Aliamini nilipochukua simu yangu nikamwonyesha jina lake bado liko pale, na jumbe za wajukuu zikimsalimia ambazo hakuwahi kuziona. Siku hiyo tukamnunulia nyingine, laki moja na themanini, nikachangia na ndugu wawili. Ile ya zamani hakutaka kuiacha. Alisema haina ubaya wowote, akairudisha kwenye kifuko chake.

Ninachokidai ni kidogo na naamini kinawezekana, kwa sababu kwingine kimeanza. Uingereza tangu 29 Aprili 2024 sheria inamtaka mtengenezaji wa vifaa vya kuunganishwa na mtandao kueleza masasisho ya usalama yatatolewa kwa muda gani. Umoja wa Ulaya tangu 20 Juni 2025 una kanuni kwamba simu na tableti zinazoingizwa sokoni zipate masasisho kwa angalau miaka mitano tangu modeli hiyo iache kuuzwa. Si tangu ianze, tangu iache. Hiyo tofauti ingemwongezea baba mdogo muda. Nasi tuna TBS ya viwango, tuna Tume ya Ushindani, tuna TCRA ya mawasiliano inayotuhakikia simu feki kwa namba ya IMEI. Kama tuliweza kusema simu feki zisiwake, tunaweza kusema simu isiuzwe bila tarehe kwenye boksi, na kompyuta za mitumba zisipangwe kaunta bila kibandiko kinachotaja zitalindwa hadi lini. Muuzaji apunguze bei kwa kadiri ya umri uliobaki, kama tunavyofanya kwa matairi. Nikijua nanunua miaka minne, nitalipa ya miaka minne na nitajiwekea akiba. Nisiuziwe ya milele.

Januari nilikwenda Kariakoo kutafuta mashine ya tano. Kila duka niliuliza maswali mawili, kizazi gani na inalindwa hadi lini. La kwanza walijibu haraka. La pili walinitazama. Mmoja alisema, "Mama, wewe ni wa kwanza kuniuliza hivyo." Nikamwomba awaulize waliomletea mzigo, akaniandikia namba yake, akasema nirudi. Nimempigia mara mbili. Anasema bado anauliza.

Huku nimeanza na zangu. Nimekata selotepu nyeupe, nikaandika kwa maka pen mwaka wa mwisho wa kila mashine, nikabandika mahali pa kuonekana. Namba tatu imeandikwa 2029, chini kidogo ya kile kibandiko cha Kijerumani. Juzi mwanafunzi mmoja aliyekuwa anasubiri kubaindiwa ripoti akaniuliza, "Mama, hiyo 2029 ni ya nini?" Nikamweleza kwa ufupi huku natoboa karatasi. Akanyamaza, akatoa simu yake mfukoni, akavua kava, akaigeuza mgongo na kuisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, anaitafuta.